Anaweza Kulalamika

Ulipita pale. Usijifanye hukupita. Ulikuwa na mfuko wa viatu vya kupeleka kwa fundi, au na simu sikioni ukijifanya unaongea na mtu, na uliiona foleni imetoka mlango wa ghorofa ya kwanza, ikateremka, ikapita duka la fotokopi, ikaishia kwenye mtaro. Uliona watu wazima wamekumbatia bahasha za kaki kama wamebeba vichanga. Ukajiambia kwamba wenyewe wanajua wanachokifuata. Ukavuka barabara. Ulivuka hivyohivyo mwenye ofisi hiyo alipouza vichujio vya maji vyenye sumaku, na kabla ya hapo alipowapimia watu viwanja katikati ya bwawa. Wewe husahau upesi. Kuna watu hawasahau, na hadithi hii ni yao.

Bwana mwenyewe alijulikana kwa jina la Kiwango. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye majalada ya mahakama ya mji mwingine. Alikuwa na suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikawa inang'aa magotini, sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, na miwani isiyo na kazi yoyote. Macho yake yalikuwa mazima kuliko ya kwako.

Fursa aliiona palepale kwenye fotokopi, alipokwenda kutoa nakala ya mhuri. Mhuri hautolewi nakala, lakini yeye aliona hilo ni suala la mtazamo. Mbele yake alisimama muuguzi mmoja na tangazo mkononi. Tangazo lilisema kwamba kuanzia sasa waajiri wa ng'ambo, vyuo vyao na ofisi zao za uhamiaji watatumia mizani moja ya pamoja kupima umahiri wa lugha yao. Ngazi sita. Kila ngazi imeelezwa kwa yale ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa lugha hiyo. Ya kwanza, anaweza kujitambulisha na kujibu kwa maneno machache. Ya tatu, anaweza kueleza tatizo alilolipata na kudai lirekebishwe. Ya sita, anaweza karibu kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Wazo lenyewe halina ubaya. Walioliandika walitaka mwalimu wa mji huu na mtahini wa mji ule wawe wanazungumzia kitu kimoja wanaposema "huyu anajua". Lakini tangazo lilibandikwa bila mtu wa kulieleza, na watu wakaligeuza kuwa homa.

"Hii ngazi ya tatu inanunuliwa wapi?" muuguzi alimuuliza mwenye duka.

Mwenye duka hakujua. Aliyegeuka ni Kiwango, kwa upole wa daktari anayejua ugonjwa kabla ya kukupima. "Hainunuliwi, dada yangu. Inathibitishwa. Njoo Jumatatu, hapo juu."

Siku hiyo hakuwa na ofisi hapo juu. Jumatatu alikuwa nayo, pamoja na ngazi yenye rangi sita aliyochorewa ukutani na mchoraji wa mabango ya saluni. Huduma ilikwenda hivi: unaingia, unakaa, unapewa kijitabu cha maelekezo ya friji kilichoandikwa kwa lugha ya kule, unakisoma kwa sauti unavyoweza. Kiwango anafumba macho kama anaonja mchuzi. Halafu anatamka. "Ya kwanza. Lakini ya kwanza juu kidogo." Maana pale kulikuwa na ya kwanza chini, ya kwanza juu kidogo, na ya kwanza mguu mmoja hewani, na kila moja ilikuwa na bei yake. Watu walitoka wanapongezana. Bwana mmoja aliwapigia simu kwao kuwaambia kwamba ameshainua mguu.

Na kila aliyeingia na pasipoti alitoka bila pasipoti. Ilibaki kwa ajili ya uhakiki, ndani ya kabati refu la chuma, na ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wa suruali yake. Kuhakiki nini, hakuna aliyeuliza. Mtu ambaye pasipoti yake iko kabatini kwako haendi kwa mshindani wako, hapandishi sauti, wala haendi popote. Huo ndio uhakiki wenyewe.

Kwenye foleni hiyo alikuwamo binti mmoja msusi. Alikuwa amepata nafasi kwenye nyumba ya kulea wazee huko ng'ambo, na nafasi hiyo ingemsubiri mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Alitakiwa afike na pasipoti na ngazi ya tatu. Alisindikizwa na shangazi yake, mama mnene mwenye mgongo mbovu na mdomo mzima, aliyefanya usafi kwenye nyumba za kule miaka mingi mpaka wakamchoka. Alirudi na lugha yao nzima kichwani, pamoja na matusi yake.

Shangazi alichelewa mlangoni kwa ajili ya mgongo. Alipofika juu alimwamkia Kiwango kwa lugha ya kule, salamu ya kawaida tu, na kumuuliza kama kazi ni nyingi. Kiwango alicheka vizuri, kama mtu aliyepewa kichekesho cha zamani anachokipenda. "Tutafika, mama," alisema. "Tutafika."

Shangazi alimgeukia mpwa wake. "Pasipoti iko wapi?"

"Nimeshampa."

Shangazi akasema neno moja la kule ambalo halimo katika ngazi yoyote kati ya zile sita.

Walikwenda polisi, usije ukasema hawakwenda. Askari wa zamu aliwauliza risiti ya pasipoti iko wapi, wakasema hakutoa risiti, naye akasema basi hakuna kosa linaloonekana. Halafu akawavuta pembeni na kuuliza kama wanafahamiana na huyo bwana vya kutosha, kwa sababu na yeye alikuwa anatafuta ya pili juu kidogo. Wakarudi ofisini. Shangazi akajiandikisha naye, ili awe karibu na kabati. Kwa kuwa hakuwa na cheti cha shule, Kiwango alimweka ya kwanza chini.

Sasa, mtaa wa pili kulikuwa na chuo cha lugha, na chuoni kulikuwa na Mkurugenzi. Huyu unamjua vizuri, kwa sababu ulisimama na mwanao mbele ya meza yake na kumwita mheshimiwa. Kwa miaka yote hiyo chuo chake kilikuwa na mizani yake: "vizuri sana" maana yake baba amelipa, "vizuri" maana yake baba ameahidi, "ajitahidi" maana yake hakuna baba. Mizani ya pamoja ilimnyima usingizi. Ukimwandikia mtu kwamba ni wa ngazi ya nne, mtu mwingine wa mbali anaweza kumsikiliza huyo wa ngazi ya nne, na hapo heshima imekwenda na maji.

Kiwango alimletea dawa ofisini kwake. Bamba la shaba la kutundika getini, lililosema chuo kina ithibati. Na kwa Mkurugenzi binafsi, cheti cha ngazi ya sita.

"Nimefundisha lugha hii tangu nikiwa kijana," Mkurugenzi alisema, akikitazama cheti bila kukigusa. "Kuna mtihani?"

"Mheshimiwa, mtihani ni wa watu wasiojulikana."

Akakigusa. Ukweli ni kwamba Mkurugenzi alifundisha lugha ile maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumsikia akiizungumza. Alifundisha kuhusu lugha, kama mtu anavyoweza kufundisha kuhusu bahari akiwa jangwani. Wakakubaliana: Kiwango ahamie chuoni na kabati lake, apewe ukumbi, na siku ya uzinduzi watie saini ya ubia, nusu kwa nusu. Walishikana mikono kwa muda mrefu, kila mmoja akiamini amemwingiza mwenzake mjini.

Kabati lilibebwa na vijana wa mkokoteni mpaka ukumbini, nayo foleni ikalifuata. Lakini watu waliokaa ukumbini bila kazi huanza kuuliza maswali. Kiwango akawapa kazi. Alitoa nakala za maelezo ya zile ngazi, yale yote yanayoanza na "anaweza", akawagawia wote na kuwaambia wafanye mazoezi wenyewe, maana mbinu ya kisasa inamtaka mwanafunzi ajitegemee. Kisha akafunga mlango wa ofisi na kulala.

Kosa lake lilikuwa hilo, na ni kosa la watu wa aina yake tu: hakuyasoma. Alidhani ni maneno ya kupamba, kama yake.

Shangazi aliyasoma. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha mguu, akaanza kuwaendesha kama wapishi wa harusi. Anaweza kuuliza bei? Haya, uliza, mimi ndiye mwenye duka na leo nina hasira. Anaweza kuomba arudiwe alichoambiwa? Omba. Si hivyo, umeomba kama umeiba. Mpwa wake alikuwa anamsuka yule muuguzi wa siku ya kwanza, na sharti lilikuwa hakuna kuanza msuko mwingine kabla sentensi haijakaa sawa. Muuguzi alishinda na nusu kichwa siku mbili. Walicheka sana mle ndani. Walikosea sana pia, na kila aliyekosea alichekwa kwanza, akasahihishwa baadaye.

Kulikuwa na mstari mmoja ambao Shangazi aliupenda kuliko yote: anaweza kulizunguka neno asilolijua kwa kulieleza.

"Huu ndio ulionilisha kule," aliwaambia. "Sikujua jina la kichujio cha mashine ya kufulia. Nikasema, kile kidude kinachokula vifungo. Wakaniletea. Neno ukilikosa usisimame kama nguzo. Lizunguke, utalikuta kwa nyuma."

Wakati huo Mkurugenzi naye alikuwa na shughuli yake. Alikuwa ameamini. Tapeli huwa anajiandaa kwa mtu asiyemwamini. Kwa anayemwamini kupita kiasi hana kinga. Mkurugenzi alitaka uzinduzi uwe mkubwa, basi akawaandikia wenye mizani, chama chenyewe cha huko mbali, kuwashukuru kwa ithibati na kuwaomba watume mgeni rasmi. Wao, kwa mshangao mkubwa, wakajibu kwamba watamtuma mkaguzi.

"Umemwalika nani?" Kiwango aliuliza.

"Wenzako. Kwani nyinyi si kitu kimoja?"

Kiwango alikunywa maji. Akatazama begi lake, ambalo sikuzote lilikaa nyuma ya mlango likiwa limeshafungwa zipu. Mtu mwenye akili angekula kona usiku huohuo. Lakini ubia ulikuwa usainiwe palepale ukumbini, na nusu ya chuo ni nusu ya chuo. Akajishauri kwamba mkaguzi naye ni binadamu, na binadamu akiona watu wanaongea na wengine wanapiga makofi, huondoka ameridhika.

Akawaita wanafunzi. Alitaka igizo fupi, la ngazi ya tatu, lenye kuonekana. Akapitisha kidole kwenye karatasi asiyoielewa na kikatua kwenye kulalamika. Vizuri: mteja anarudisha dukani pasi mbovu. Msusi awe mteja, kwa kuwa ana sura ya kuonewa. Mwenye duka atakuwa yeye mwenyewe, ili mgeni aone uongozi unashirikiana na wanafunzi.

"Nipe mstari mmoja," alimwambia Shangazi. "Mzuri. Nitaurudia kila mteja akisema kitu."

Shangazi akampa. Kiwango alijifunza mbele ya kioo cha choo cha walimu mpaka ukateleza kama sala.

"Na maana yake?"

"Ni vile ambavyo mwenye duka yeyote muungwana angesema: ndiyo mama, una haki kabisa, kosa ni langu, nitalirekebisha leo hii."

Hakumdanganya hata neno moja.

Siku ikafika. Viti vilivikwa vitambaa, kabati nalo likavikwa kitambaa na kuwekewa maua juu, likawa kama madhabahu. Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea na begi la mgongoni, asiyejua neno la kwetu hata moja. Mkurugenzi, mwenye ngazi ya sita, siku hiyo koo lilimshika. Alikuwa amelizungushia skafu na kumkaribisha mgeni kwa ishara za mikono. Siku zilikuwa zimebaki chache mno kabla nafasi ya msusi haijafungwa. Msusi alipanda jukwaani na pasi mkononi.

Aliyoyasema, aliyasema kwa lugha ya kule, polepole, kwa sentensi fupi za mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisalimu. Alisema yeye ni mteja na ana tatizo.

"Ndiyo mama," alijibu Kiwango kwa lugha hiyohiyo, akainama, "una haki kabisa, kosa ni langu, nitalirekebisha leo hii."

Makofi. Msusi akaiweka pasi chini.

Akasema tatizo si pasi. Akasema huyu bwana aliyesimama hapa anauza ngazi, na yeye mwenyewe hajui lugha hii, hata salamu haijui. Kiwango akainama: ndiyo mama, una haki kabisa. Mkaguzi alicheka. Msusi akasema hapa hakuna mtihani, kuna kitabu cha friji. Kosa ni langu, alisema Kiwango, safari hii na mkono kifuani. Mkaguzi hakucheka tena. Alivuta kiti mbele.

Sasa lilibaki neno pasipoti, na neno hilo hata Kiwango angelitambua kwa lugha yoyote duniani. Msusi alisita. Alimtazama shangazi yake, na shangazi yake akachora duara hewani kwa kidole.

"Amechukua kitabu changu kidogo," msusi alisema. "Kile chenye picha yangu mbaya. Kile ambacho mtu wa mpakani anakifungua, anakutazama, anakigonga. Amekifungia kwenye sanduku refu la chuma, lile lenye maua. Vya hawa wote vimo. Bila kitabu sivuki. Nisipovuka, kazi yangu inapewa mtu mwingine. Nataka anirudishie sasa."

"Nitalirekebisha leo hii," alisema Kiwango, na Mkurugenzi akasimama kupiga makofi, skafu ikaanguka.

Mkaguzi akainuka na kumuuliza Kiwango swali. Kiwango alijua ni swali kwa jinsi lilivyoishia juu. Akatoa mstari wake. Mkaguzi akauliza jingine, kwa ukali. Akatoa mstari wake, kwa unyenyekevu zaidi. Ndipo mama yule akanyoosha kiganja mbele yake, na kiganja hakikuondoka.

"Anataka nini?" Kiwango alinong'ona kwa lugha ya nyumbani.

"Anaigiza na wewe," Shangazi alimnong'oneza kutoka kando ya jukwaa. "Anataka mwenye duka atoe ufunguo wa stoo, pasi ibadilishwe. Mpe, baba, watu wanakuangalia."

Huo ndio uongo pekee ambao Shangazi alisema katika habari hii yote, na ulitosha. Kiwango akaufungua ufunguo mkandani, akauinua juu ukumbi mzima uuone, akauweka kwenye kiganja cha mkaguzi kama anayemvika bibi harusi pete.

Maua yakawekwa sakafuni. Kitambaa kikavutwa. Kabati likafunguka, na msusi akaanza kuita majina, na watu wakaanza kupanda jukwaani mmoja mmoja kuchukua vitabu vyao vidogo vyenye picha mbaya. Tabasamu la Kiwango lilibaki usoni kama kofia ambayo mtu amesahau kuivua.

"Hii haimo kwenye igizo," alisema.

"Imo," Shangazi alimjibu. "Ngazi ya tatu. Uliyagawa mwenyewe maneno haya: na kudai lirekebishwe."

Mkurugenzi alimsogelea, koo limepona ghafla. "Kwani wamesema nini?"

Kiwango alimtazama. "Wewe si ndiye wa ngazi ya sita?"

Ubia haukusainiwa. Begi lilikutwa limekaliwa na muuguzi, aliyekataa kuinuka mpaka kila mtu arudishiwe alichotoa. Mashtaka hayakuwepo, kwa sababu Mkurugenzi angelazimika kueleza mahakamani aliwezaje kukaa kiti cha mbele akipigia makofi asichokielewa. Kesho yake mkaguzi alikaa ukumbini humohumo na kuwapima watu kwelikweli, kwa kuwasikiliza. Msusi alipata ya tatu, kwa jino na ukucha, akaondoka kabla mwezi haujaisha. Shangazi alipata ya tano. Angepata ya sita kama angeacha kumsahihisha mtahini.

Na kwa kuwa mkaguzi alikuwa mtu wa haki, na mizani ile humtaka mtahini aandike mtu anachoweza, si asichoweza, alimwandika na Kiwango kama alivyomsikia: anaweza kukiri kosa, anaweza kutoa ahadi fupi. Ngazi ya kwanza. Ndiyo ngazi pekee ya halali aliyowahi kuigusa. Wanasema aliomba nakala, akaipitisha kwenye lamineshen, na sasa anatumia karatasi hiyo mji mwingine.

Lakini hukuja hapa kusikia habari za Kiwango. Kiwango ni mtu wa kuja na kuondoka. Mkurugenzi yupo. Bamba la shaba alilishusha wiki moja tu, akalisugua, akalirudisha getini. Watoto wanaendelea kupewa "vizuri sana" kwa hesabu ya baba zao, na mwanao yumo. Na kwenye mtaa unaoupita kila asubuhi kuna ofisi nyingine mpya, na foleni nyingine, na kabati jingine, nawe umeshaliona.

Basi weka chini hicho ulichoshika. Nenda leo, ofisi haijafungwa. Pasipoti yako ikiwa kabatini, usiombe, dai. Ikiwa si yako, simama na mwenye nayo. Ukitoka hapo pitia chuoni, ingia bila kubisha, na mwambie Mkurugenzi ajitambulishe kwa lugha iliyoandikwa kwenye cheti chake. Hiyo ni ngazi ya kwanza tu, hata Kiwango anayo. Atashika koo. Atatafuta skafu. Wewe kaa kwenye kiti, subiri jibu.

Na usivuke barabara.